Shindano la wanafunzi la kulinda pwani limegeuka shindano la picha nzuri

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Anayetaka lugha ya kubembeleza apite uzi mwingine.

Matokeo ya shindano la wanafunzi la kubuni namna jamii za pwani zitakavyohimili mabadiliko ya tabianchi yametoka. Waandaaji siwataji, maana nikiwataja mtajadili wao mkaacha hoja. Timu yetu haikupata kitu. Najua kuna mtu keshaanza kuandika "wivu tu huo". Andika, lakini soma kwanza.

Mshindi wa kwanza ni kijiji kinachoelea. Nyumba za umbo la ganda la chaza juu ya majukwaa, madaraja membamba kati ya nyumba na nyumba, taa za sola zinawaka machweo, na bahari imetulia kama maji ya beseni. Kwenye ile picha kubwa kuna dada anakimbia mazoezi na mbwa wake. Dikoni, pale wavuvi wanapopandisha mashua na kuuza samaki! Mahali ambapo alfajiri huwezi kupita kwa ndoo, matenga, mnada na matusi ya wachuuzi. Hao watu wa kubandika sisi tunaosoma usanifu tunawajua, unawapakua bure unawatupia kwenye mchoro. Sawa, hilo tunasamehe. Sasa tafuta kwenye bango zima mahali pa kupandisha vyombo. Hamna. Jukwaa limekaa palepale ambapo watu huvuta mashua zao. Mvuvi akirudi na mtumbwi auvutie wapi, sebuleni kwa jirani? Pa kuanika nyavu hamna, pa kukarabati chombo hamna, ila "bustani ya tafakuri" ipo, tena kubwa.

Halafu maji yenyewe. Picha zote maji yamepwa, au yako nusunusu, yanapendeza. Hakuna mchoro hata mmoja wa mkato, ule wa kuonyesha eneo kwa ubavu kama limekatwa kwa kisu, unaoonyesha maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita siku nyingine mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanafika wapi, seuze bamvua likikutana na dhoruba. Unabunije kinga ya bahari inayopanda bila kusema bahari inafika wapi? Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, inasema wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi ikatoka milimita 1.3 kwa mwaka hadi 1971 ikafika milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Sentimita 20 mtu anazidharau. Ziweke juu ya bamvua, ongeza upepo unaosukuma maji nchi kavu, hapo ndipo bahari inaingia chooni na kisimani. Na pa kuanzia kuchora ni hapo, choo na kisima. Kisima kikishaingia chumvi familia inahama hata kama nyumba haijadondosha tofali moja.

Mtaniambia kinachoelea kinapanda pamoja na maji. Kweli, lakini kupanda kwa maji ni jambo moja na kupigwa na wimbi ni jambo lingine. Lagos, Nigeria, kwenye makazi ya Makoko yaliyojengwa juu ya maji, ilijengwa shule inayoelea mwaka 2013. Ikasifiwa dunia nzima, ikaandikwa kila mahali. Juni 2016 ikaporomoka baada ya mvua kubwa. Hakuna aliyekufa, shukrani kwa Mungu. Na pale ni maji ya ndani, si bahari wazi. Simcheki mbunifu wake, yeye angalau alijenga, wengi wetu tunaishia kwenye kompyuta. Ninachosema ni kwamba kisa hicho kinajulikana na kila mtu wa fani hii, na jaji anayeletewa kijiji kizima kinachoelea alipaswa kuuliza swali moja tu: mwaka wa nne, maboya yanayokibeba yakianza kuvuja, nani anayabadilisha na kwa fedha ya nani?

Halikuulizwa. Na halikuulizwa kwa sababu kwenye karatasi ya alama halipo.

Karatasi hiyo tuliipata baada ya kulalamika sana. Upekee wa wazo. Ubora wa uwasilishaji. Mvuto. "Uwezo wa kuhamasisha", sijui kumhamasisha nani. Hivyo vinne vimebeba sehemu kubwa ya alama. Ushirikishaji wa jamii umetupwa mwishoni kabisa na alama za kutupia ombaomba. Ukarabati hauna alama. Gharama za uendeshaji hazina alama. Yaani ukichora kitu kitakachosimama miaka thelathini na mwenzako akachora kitakachozama msimu wa kwanza wa upepo mkali, mbele ya majaji hawa mko sawa, na mwenye taa nzuri za machweo anakupita.

Kazi yetu haikuwa na machweo. Tulichora uzio wa fito: safu mbili za nguzo zimekitwa kwenye tope, katikati matawi yamefungwa vizuri. Maji yanapita, nguvu ya wimbi inapungua, tope linatulia nyuma ya uzio, na baada ya muda mikoko inajiotea yenyewe. Wala si uvumbuzi wetu, umetumika Demak, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, Indonesia. Udhaifu wake unajulikana vilevile. Mbao zinatobolewa na viumbe wa baharini, matawi yanachomoka, ukiuacha bila kuurudishia ndani ya muda mfupi umebaki na vijiti vimesimama baharini. Ndiyo maana tulitumia kurasa mbili nzima kueleza nani anarudishia matawi, kwa zamu gani, matawi yanakatwa wapi bila kumaliza msitu, na mfuko unachangiwa vipi. Na visima tukaviweka, kwa sababu Demak hiyohiyo imeonyesha uzio unaweza kushindwa pale ardhi yenyewe inapodidimia kwa kuvutwa maji ya chini. Kaskazini mwa Jakarta kuna sehemu zimedidimia zaidi ya mita 2 kwa miongo michache. Ukilaumu bahari peke yake pale umekosea hesabu. Mshindi hana hata mstari mmoja kuhusu visima.

Mnajua tuliulizwa nini? Jaji wa kwanza: "Mbona rangi zenu zimefifia?" Jaji wa pili, huku anaangalia simu: "Kitu cha kushtua kiko wapi?" Zile kurasa mbili hakuna aliyezifungua. Nilikuwa nimesimama pembeni ya meza, niliona kijitabu chetu bado kimebanwa na kile kibanio tulichokibana nacho.

Mshindi wa pili naye. "Ukuta wa kijani": safu ndefu ya mikoko imepandwa kwenye tope wazi, mbele kabisa, hata maji yakipwa sana bado miche imelowa. Jamani. Mikoko haioti popote penye tope. Inataka pale panapofunikwa maji yakijaa na kupata hewa yakipwa, kuanzia karibu usawa wa kati wa maji kwenda juu hadi bamvua linapoishia. Na kila aina ya mikoko ina mahali pake, mlilana na mchu ndio hutangulia mbele, mkoko wenyewe unafuata nyuma, mkandaa nyuma zaidi. Ukipanda mkoko chini ya hapo unauzamisha, ni sawa na kuua miche kwa mkono wako halafu ukapiga picha. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 walipanda kwa wingi, na sehemu kubwa ilikufa, mojawapo ya sababu ikiwa ni kupanda mahali pasipofaa. Mzee yeyote aliyekata miti ya kujengea kwenye mikoko angewaambia hili bure.

Lakini hawakuruhusiwa kumuuliza! Hiki ndicho kipengele kilichonitoa machozi ya hasira. Maelezo ya shindano yanataka "ushahidi wa kushirikisha jamii". Ukurasa unaofuata, kanuni hizohizo zinakataza timu kuwasiliana na wakazi wa eneo la shindano kabla ya kuwasilisha kazi, eti ili kulinda usawa kati ya timu zilizo karibu na zilizo mbali. Sasa hiyo jamii unaishirikisha kwa njozi? Matokeo yake kila timu ikatunga wakazi wake. Mabango yamejaa nukuu za "mama mmoja mkazi" na "mvuvi mzee" ambao hawajawahi kuzaliwa. Majaji wakazipa alama. Sisi tuliandika wazi kwamba hatukuzungumza na mkazi yeyote kwa kuwa kanuni zilikataza, tukaweka orodha ya maswali ambayo tungewauliza. Tukapata sifuri kwenye kipengele hicho. Sifuri, kwa kutotunga uongo.

Na msiniambie kuuliza watu ni mapambo. Bangladesh, Novemba 1970, kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa kujitolea wa kutoa tahadhari, watu wa kijijini wenyewe na bendera na vipaza sauti, na kadiri miaka ilivyokwenda vikajengwa majengo ya kukimbilia. Kuna jambo ambalo huwezi kulijua ukiwa studio: watu walikuwa hawahami kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe ndiye benki, utamwachaje? Na wanawake wengi hawakutaka kulala chumba kimoja na wanaume wasiowajua. Majengo ya baadaye yakawekewa mahali pa mifugo na sehemu ya wanawake. Kimbunga Amphan cha 2020, Bangladesh ilihamisha watu zaidi ya milioni 2, na vifo vikahesabiwa kwa makumi. Zizi na ukuta wa kutenganisha vyumba! Peleka mchoro huo kwa majaji wetu uone kama hawatauliza kitu cha kushtua kiko wapi.

Kwamba shindano haliwezi kuendeshwa vizuri, hapana, siafiki. Baada ya kimbunga Sandy cha 2012, Marekani waliendesha shindano la usanifu la Rebuild by Design kuanzia 2013. Timu zilianza na kipindi cha utafiti, wakaenda maeneo yaliyopigwa, wakakaa na wakazi, ndipo wakachora. Mmoja wa washindi wa 2014, mradi wa Living Breakwaters wa Staten Island, New York, ni matuta ya mawe baharini, ya kuvunja wimbi na kuwapa samaki maficho. Nyuma yake kulikuwa na fedha za serikali kuu, na bado ujenzi majini ulianza 2021. Miaka 7 ya vipimo, vibali na mikutano. Wale hawakuwa wanafunzi, najua, na fedha ile hatuna. Ila kutembelea eneo na kumruhusu mtu kuongea na mvuvi hakuhitaji fedha ya serikali kuu.

Jingine kwa kifupi, maana nimechoka kuandika: kazi zote zilizowasilishwa, hata zilizoshindwa, ni mali ya waandaaji, wanaweza kuzitumia bila kutuarifu wala kututaja. Ipo kwenye kanuni, maandishi madogo. Tayari wamechukua mchoro wetu wa uzio wakauweka kwenye tangazo lao la mwakani, wameukata sehemu ya chini yenye maelezo ya matunzo na kuuongezea rangi.

Tumewaandikia kuomba mambo matatu: karatasi ya alama itangazwe kabla ya kazi kuanza, kuwe na jaji mmoja anayeishi pwani na mmoja mhandisi wa pwani, na ukarabati upewe alama zisizopungua za picha. Tumejibiwa kwamba barua imepokelewa. Kama uliwahi kuingia shindano la aina hii, hapa au kokote, weka karatasi ya alama mliyopewa, futa majina, acha vipengele na alama zake. Nazikusanya zote nizitume kwao kabla usajili wa mwakani haujafunguliwa. Na kama wewe ni jaji uko humu unasoma kimyakimya, njoo unijibu hilo la maboya.