Kikundi cha familia: modemu ya Babu

JUMATANO

19:02 Mama Salma: Haya jamani habari za jioni, naomba msome hii mpaka mwisho maana nikiandika ndefu mnaruka. Jumamosi tunaunganisha kompyuta ya Baba na intaneti kwa modemu, kile kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, kama zamani. Barua zake zote ziko mle na Kassim kasema njia ipo. Nataka mtu mmoja awe kwa Baba, mmoja akae kwenye simu ya mkononi na Kassim, na mmoja alete kebo. Nani na nani?

19:44 Mama Salma: Mmesoma, naona. Hata "sawa" tu jamani

20:11 Hamisi: Modemu tena? Si hata AOL ya Marekani walizima huduma yao ya intaneti ya kupiga simu Septemba 30, 2025, sasa sisi tunampigia nani

20:13 Kassim: Shikamoo baba, shikamoo shangazi. Hatupigii kampuni yoyote. Ninayo modemu ya USB kwenye kompyuta yangu ya Linux, nimeweka programu mbili, mgetty ipokee simu na pppd impe Babu anwani ya IP. Kompyuta ya Babu inapiga namba yangu ya mezani, yangu inapokea, wanaongea. Ila kasi haitazidi 33.6, ile 56 mnayoisoma kwenye boksi inapatikana pale tu upande wa pili umeungwa kwenye laini ya dijitali, na modemu zetu zote mbili ni za analogi

20:14 Mama Salma: Marahaba baba. Umeona Kaka Hamisi, kashafikiria yote

20:16 Hamisi: 33.6 ya nini

20:18 Kassim: Kilobiti kwa sekunde. Megabaiti 1 kama dakika 5 hivi ikienda vizuri. Barua zenyewe ni maandishi matupu, hizo sekunde chache tu kila moja. Kama kuna picha ndio zitakaa

20:25 Juma: Mi sielewi kwa nini tunajitesa. Fungua kompyuta, toa diski, chomeka kwenye adapta ya USB, kopi kila kitu, tumemaliza kabla ya chai

20:25 Mama Salma: Juma

20:26 Juma: Nini sasa

20:26 Mama Salma: Wewe ndio wa mwisho kuleta habari ya kufungua

20:29 Juma: Ile diski ilikuwa inagonga kabla sijashika bisibisi na Kaka Hamisi alikuwepo akaisikia, kila tukigusa hii kompyuta lazima hilo lirudi, nimechoka

20:31 Hamisi: Mimi nilikuwa nje

20:31 Juma: Ulikuwa ndani Kaka. Ulishika tochi

20:33 Salma: Wajomba jamani 🙏🏾

20:35 Hamisi: Tuachane na hayo. Mnakumbuka ule mlio wa modemu lakini? Tiiiiii tu-tu-tu krrrrrrr shaaaaaa

20:36 Asha: Hahahaha Juma anauigiza hapa sebuleni watoto wamekimbia

20:37 Salma: Mama alikuwa anapiga kelele "nani kainua simu juuuu" 😂😂

20:37 Hamisi: Na aliyekuwa anainua ni nani? Asemeee

20:38 Asha: Mimi nilikuwa mgeni nyumba hii nilijuaje kwamba kuinua mkono wa simu chumba kingine kunakata intaneti, wifi wangu alininunia wiki nzima

20:38 Mama Salma: Nilikuwa natuma maombi ya kazi Asha. Ilikuwa siku ya mwisho

20:39 Asha: Najua wifi

20:52 Mama Salma: Nimeuliza kebo. Kebo. Nani ana kebo

21:20 Kassim: Ule mlio ni modemu mbili zinaulizana wewe unaweza kasi gani, laini yetu ina makelele kiasi gani, zikikubaliana zinanyamaza. Ukiipa modemu amri ya ATM0 mlio hausikiki kabisa ila mwanzoni tuuache, unatusaidia kujua imekwama wapi. Kebo shangazi ni ya siriali, upande wa modemu pini 25, upande wa kompyuta matundu 9. Na adapta ya umeme ya modemu yenyewe, isichukuliwe yoyote tu ya kubahatisha, volti ziandikwe sawa na zilizo chini ya modemu

ALHAMISI

05:48 Babu: Nimesoma yote. Kompyuta haifunguliwi. Picha za mama yenu zilitosha. Barua nitatuma mwenyewe moja moja, kuna ninazotaka zisomwe na kuna zangu. Nyie niunganishieni tu.

06:02 Mama Salma: Shikamoo Baba. Tumesikia

06:30 Salma: Shikamoo Babu

07:15 Hamisi: Shikamoo Baba

09:41 Juma: Shikamoo Baba. Nimekuelewa

09:50 Babu: Marahaba wote.

13:05 Kassim: Shikamoo Babu. Basi hiyo modemu ya nje ndiyo inayofaa haswa, inakaa mezani inachomekwa nyuma kwenye COM1, mlango wa siriali wa kompyuta, hakuna anayegusa skrubu. Naandika hapa atakayekuwepo Jumamosi asome:
Waya wa simu kutoka ukutani uingie tundu la LINE, sio PHONE, hayo yanafanana na watu wengi wanakosea hapo. Washa modemu kwanza ndio uwashe kompyuta. Windows 98 ikiiona yenyewe sawa, isipoiona ingia Control Panel, Modems, uchague ile ya Standard ya 28800, inatosha kuanzia. Halafu kwenye Diagnostics bonyeza More Info, ikijibu OK kwenye zile amri za modemu zinazoanza na AT ujue kompyuta na modemu zinasikilizana na tatizo lolote litakalobaki ni la laini au la kwangu. Kisha My Computer, Dial-Up Networking, Make New Connection, weka namba yangu. Kwenye Server Types acha TCP/IP peke yake, toa tiki ya NetBEUI na IPX/SPX na ile ya Log on to network, zinachelewesha bure. Ikisema hakuna mlio wa laini na mlio upo, weka X3 kwenye Extra settings, hapo inapiga bila kusubiri mlio

13:09 Hamisi: Hii ndefu kuliko wosia

13:10 Juma: 😂😂😂

13:12 Mama Salma: Hamisi hilo neno usiliandike humu na Baba anasoma

13:12 Hamisi: Samahani Baba

13:30 Salma: Kassim, na akishaunganishwa barua zinatoka vipi? Gmail haitamkubali na Outlook Express ya enzi hizo, seva za leo zinataka usimbaji ambao ile programu haiujui

13:34 Kassim: Ndio maana haendi nje kabisa. Barua inaishia kwenye mashine yangu, nimeweka seva ndogo ya barua (SMTP) inayopokea kutoka kwake peke yake, mimi ndio nazisambaza kwa yule Babu atakayemwandika. Kwake ataona kabonyeza Send kama zamani

13:35 Mama Salma: Mungu akubariki mwanangu

13:36 Salma: Swali jingine. Simu ya Babu bado imechomekwa ukutani au kwenye kile kisanduku cha faiba?

13:50 Mama Salma: Ukutani

13:51 Juma: Sina uhakika

16:20 Babu: Mafundi walikuja wakaweka kisanduku chenye taa za kijani. Simu imechomekwa humo.

16:22 Kassim: Dah

16:22 Mama Salma: Dah nini

16:27 Kassim: Hapo sauti inakatwa vipande inasafirishwa kama data. Sikio letu halioni tofauti ila modemu inaona, kipande kikichelewa au sauti ikibanwa tu yenyewe inapoteza mwenzake, inaandika NO CARRIER, yaani mawasiliano yamekatika. Kama kampuni yao haibani sauti tunaweza kupata kitu, nitaishusha kasi mpaka biti 9600 kwa sekunde upande wangu, na hiyo kwa barua za maandishi bado inatosha. Kama wanabana hatufiki popote

16:30 Juma: Basi si Salma aende na laptopu yake na kebo ya null modem, ile ya kuunga kompyuta mbili moja kwa moja, COM kwa COM, mezani pale pale, hakuna kufungua na hakuna simu. Salma anaipa laptopu kazi ile ile ya mashine ya Kassim

16:33 Kassim: Ba mdogo ana hoja kubwa hapo. Windows 98 inayo hata Direct Cable Connection, na ni biti 115200 kwa sekunde, kasi zaidi ya simu mara tatu. Salma atahitaji adapta ya USB kwenda siriali

16:34 Mama Salma: Sasa mnanichanganya, kebo ni ipi, ya pini 25 au hiyo nyingine

16:35 Kassim: Ni mbili tofauti shangazi

16:41 Babu: Hiyo ya laptopu, barua ninachagua mimi?

16:43 Salma: Ndio Babu, wewe ndio unabonyeza. Mimi nakaa upande wa pili wa meza

16:58 Babu: Kwanza tujaribu simu.

17:00 Mama Salma: Mmemsikia. Jumamosi saa nne asubuhi, simu kwanza, ikikataa laptopu ya Salma. Juma utakuwepo?

19:12 Mama Salma: Juma

21:47 Asha: Amesema atakuja wifi ila anataka Baba amwambie mwenyewe

22:05 Hamisi: Mimi Jumamosi asubuhi sipo, mchana labda

22:06 Mama Salma: Kaka wewe ndio ulisema modemu iko kwako kabatini

22:07 Hamisi: Ipo. Adapta ndio sijaiona

IJUMAA

06:10 Mwanaidi: Nimeona ujumbe sasa hivi, poleni nilikuwa kazini usiku. Kebo mnayotafuta ni ile nyeusi nene yenye skrubu mbili pembeni? Ninayo moja, sijui ni ya nini

06:11 Mama Salma: Piga picha ncha zote mbili dada, ZOTE MBILI

06:14 Kassim: Shikamoo shangazi. Hesabu pini na useme kama ni matundu au vijiti