Linux Mint kando ya Windows: Wi-Fi haionekani, saa inakimbia, faili hazihifadhiki. Naomba ushauri

Mwalimu wa Tororo:

Ndugu zangu, naomba msaada. Laptopu yangu ni HP ya zamani niliyoinunua Kampala ikiwa imeshatumika, na mpwa wangu ameniwekea mfumo wa Linux Mint 22 kando ya Windows 10, kwa kuwa Windows ilikuwa ikijikokota na kwa kuwa tangu Oktoba 2025 toleo hilo halipati tena masasisho ya bure kama zamani. Mint inawaka upesi na LibreOffice inafungua mitihani yangu vizuri, lakini mambo matatu yananikwaza.

Kwanza, Wi-Fi haionekani kabisa. Si kwamba inakataa nenosiri, bali orodha ya mitandao ya karibu haitokei hata kidogo. Pili, saa iko mbele: leo ilipotimia saa tisa alasiri, Mint ilionyesha saa kumi na mbili jioni, na nikiirekebisha kwa mkono, basi nikiwasha Windows naikuta ya huko imerudi nyuma. Tatu, mitihani ya kidato cha tatu imehifadhiwa upande wa Windows, na Mint inaniruhusu kuisoma tu bila kuandika chochote. Mwenzangu shuleni ananishauri nifute kila kitu na kuweka Mint upya. Intaneti niliyo nayo ni ya simu pekee, na mitihani inatakiwa Ijumaa.

Mzee wa Jinja:

Mwalimu, ondoa Windows, ubaki na Linux peke yake. Mambo mawili kati ya hayo matatu yataondoka siku hiyo hiyo.

Fundi wa Lira:

Mzee wetu hajakosea kuhusu hesabu ya mawili, ila kufuta Windows wiki ya mitihani, wakati mitihani yenyewe imo humo, ni ushauri ambao mimi nisingeuthubutu. Kuweka Mint upya nako hakutasaidia lolote, kwa sababu utarudi pale pale: kama draiva ya Wi-Fi (programu inayoendesha kadi yake) haimo katika flashi uliyoitumia, haitaingia kwa kurudiarudia.

Tuanze na Wi-Fi, Mwalimu, kwa kuwa ndiyo itakayofungua mengine. Unganisha simu yako na laptopu kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Mint itaiona simu kama waya wa mtandao, bila draiva yoyote ya ziada. Zima kwanza masasisho ya programu ndani ya simu, yasije yakamaliza kifurushi chako wakati unahangaika na laptopu. Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika amri hii, utuletee majibu yake yote kama yalivyo:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Hiyo haibadilishi kitu. Inauliza tu ni kadi gani ya Wi-Fi iliyomo na ni draiva gani inayoishughulikia. Amri za baadaye zitakazoanza na sudo (yaani zinazohitaji idhini ya msimamizi) zitakuomba nenosiri, na utakapoliandika herufi zenyewe hazitaonekana. Usidhani kibodi imekufa. Andika mpaka mwisho ubonyeze Enter.

Mwalimu wa Tororo:

Ahsante, Fundi. Simu imekubali mara moja. Majibu yana mistari kadhaa, lakini ule wa kwanza unataja Broadcom BCM43142 na namba 14e4:4365, na mwingine unasema draiva inayotumika ni bcma-pci-bridge. Je, si kwamba draiva ipo tayari?

Fundi wa Lira:

Swali zuri, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Hiyo bcma imeitambua kadi tu. Haiwezi kuitumia kadi ya aina hii kupokea wala kurusha mawimbi. Unayoihitaji inaitwa wl, nayo ni ya Broadcom wenyewe, si ya chanzo huria, ndiyo maana haikuingia yenyewe. Ukiwa bado umeunganisha simu, fungua menyu, tafuta Driver Manager, subiri imalize kukagua, chagua ile ya Broadcom iliyopendekezwa, kisha iache ifanye kazi. Itachukua dakika kadhaa kwa kuwa draiva hiyo inatengenezwa papo hapo ndani ya mashine yako ili ilingane na keneli (kiini cha mfumo) uliyo nayo.

Sasa zingatia hili. Ikiwa Secure Boot (kinga inayokubali programu zenye saini tu mashine inapowaka) imewashwa, utaombwa kubuni nenosiri la muda. Liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya laptopu itatokea skrini ya bluu yenye maandishi machache, na usipobonyeza kitufe chochote ndani ya sekunde chache itapita zake. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, halafu uandike nenosiri lile. Skrini hiyo ikikupita, draiva itakuwepo ndani ya diski lakini keneli itaikataa kwa kuwa haina saini inayoiamini, nawe utabaki bila Wi-Fi huku Driver Manager ikidai kwamba kila kitu kiko sawa.

Binti Bombo:

Mwalimu, nikusaidie hayo mawili mengine wakati Wi-Fi inashughulikiwa.

Saa haijaharibika. Windows huandika katika saa ya ndani ya mashine saa ya mahali ulipo, ilhali Linux huichukulia saa hiyo kuwa ni ya UTC (saa ya pamoja ya dunia) na kuongeza tofauti ya eneo lako, ambayo kwetu Uganda ni saa 3 kamili. Ndiyo maana tisa imekuwa kumi na mbili, na kwa kuwa hukuwa na intaneti, Mint haikupata mahali pa kujisahihisha. Andika hivi mara moja tu:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakuonya kwamba mpangilio huo haupendekezwi. Sababu kubwa ya onyo ni nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kufuata majira ya mwaka. Huku kwetu saa haisogezwi, kwa hiyo mimi naona haina madhara. Kabla ya kuiandika, acha kwanza intaneti isahihishe saa ukiwa ndani ya Mint; ukishaandika, washa Windows uhakikishe.

Kuhusu faili kutohifadhika, Windows unapoizima haizimiki kabisa, bali inajilaza nusu usingizi ili kesho iwake upesi, na diski inabaki na alama kwamba bado inatumika. Linux ikiona alama hiyo inakataa kuandika, na inafanya vyema kukataa. Ingia Windows, fungua Control Panel, nenda Power Options, chagua mahali pa kupanga kazi za vitufe vya kuzimia, uondoe alama kwenye Turn on fast startup, kisha uizime kikamilifu. Utakutana na watu watakaokuambia ulazimishe kwa amri ya kufuta ile faili ya usingizi kutoka upande wa Linux. Usikubali, chochote ambacho hakikuhifadhiwa huko kitapotea.

Mwalimu wa Tororo:

Wi-Fi imepatikana! Skrini ya bluu ilinipita mara ya kwanza kama Fundi alivyotahadharisha, ila nilirudia. Mtihani nao umehifadhika. Lakini nilipoanza kusasisha, umeme ulikatika, na betri yangu haishiki chaji. Sasa kila ninapotaka kuweka programu naambiwa dpkg ilikatizwa.

Fundi wa Lira:

Pole, hilo ni jepesi: dpkg ndiyo inayoweka programu, na ilikatizwa katikati. Ujumbe wenyewe umekutajia dawa:

sudo dpkg --configure -a

Ikimaliza, fuatisha sudo apt --fix-broken install, kisha endelea na masasisho, safari hii umeme ukiwa umetulia. Usifute faili za kufuli zilizomo ndani ya /var/lib/dpkg hata ukishauriwa hivyo, maana huenda programu nyingine bado inaandika humo.

Na siku ukisasisha keneli ukaikuta Wi-Fi imetoweka tena, zima laptopu, iwashe, na katika menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo mashine inapowaka) ingia Advanced options uchague keneli iliyotangulia. Menyu isipotokea, bonyeza Esc mara tu nembo ya HP inapoondoka. Wi-Fi ikirudi huko, tutajua kwamba draiva haikutengenezwa kwa keneli mpya. Utuandikie hapa namba za keneli zote mbili, nawe uendelee na mitihani yako katika ile ya zamani.