Tulitia sahihi ya mahudhurio, sasa tunaambiwa tuliridhia

KatibuWaWazee (Kilifi)
Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wazee na waganga wa mitishamba huku bara ya Kilifi. Mwezi uliopita tulitembelewa na mtafiti wa chuo kimoja cha ng'ambo akiwa na mshauri kutoka Nairobi. Tuliitwa kikao shuleni, tukaambiwa wanakusanya maoni kuhusu sera ya bayoanuwai, yaani aina zote za viumbe hai, na jinsi jamii zitakavyofaidika na mimea yao. Wazee walifurahi, maana mambo haya huwa tunayasikia redioni yakishapita.

Baada ya soda, mgeni akaomba aonyeshwe miti ya dawa. Mzee wetu mmoja akampeleka, akamtajia gome la tumbo na mzizi wa homa. Mgeni akakata vipande, akavitia kwenye mifuko ya karatasi na kuandika. Sisi tukapewa nauli, tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio kama kawaida ya mikutano.

Juzi mshauri amenitumia fomu ya Kiingereza, kurasa nne, inayosema jamii imetoa ridhaa. Sahihi zilizoambatishwa ni za ile karatasi ya mahudhurio! Anataka nigonge muhuri wa kikundi kabla ya Ijumaa "kukamilisha faili". Wazee wamegawanyika: kuna wasiotaka kuudhi wageni, na kuna wanaotaka tudai milioni. Nishike lipi?

Jembe_la_Kale
Gonga muhuri, chukua chochote. Miti yenyewe mnaikata kuni kila siku.

BiVibali (Mombasa)
Kaka katibu, muhuri ufungie kabatini na ufunguo ulale nao wewe. Kazi yangu ni kuandaa maombi ya vibali vya utafiti, na hizo karatasi za nauli zilizogeuzwa ridhaa nimezikuta kwenye mafaili zaidi ya mara moja.

Ridhaa hutolewa kabla ya kukata gome, kwa mtu mnayemjua, kwa jambo mnalolijua. Ninyi mlialikwa kutoa maoni ya sera. Hilo ni jambo moja. Kuchukua mizizi na elimu ya mzee wenu ni jingine kabisa, na hata mngeongea siku nzima kuhusu sera, la pili halijaguswa.

Kenya hatuanzi leo. Kanuni za kupata rasilimali za kijenetiki, yaani mimea na viumbe vingine pamoja na vinasaba vyake, na kugawana manufaa zipo tangu 2006, chini ya sheria ya mazingira. Kibali hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mwombaji lazima aonyeshe ushahidi wa ridhaa ya wahusika. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni kitu kingine, haichukui nafasi ya kibali hicho. Mtafiti akiwaonyesha karatasi moja, muulizeni ya pili iko wapi. Sampuli zikitoka nchini zinahitaji pia mkataba wa kuzihamisha. Na kwa elimu ya dawa kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo imezipa kaunti kazi ya kuweka rejista.

Jembe, kuni ni kuni. Mtu akikata kuni anamaliza kile alichokata. Huyu akipata kiambato kwenye kipande cha gome, au akisoma vinasaba vyake, harudi tena Kilifi kuomba mzigo wa pili. Ndiyo maana nguvu yenu yote iko kabla mfuko haujapanda gari. Waulizeni wa Ziwa Bogoria, kule Baringo. Vijidudu vilitolewa kwenye maji yale ya moto mwaka 1992, kimeng'enya chake kikaishia viwandani kufifisha rangi ya jinzi. Shirika la wanyamapori, KWS, lilianza kudai hadharani mwaka 2004, miaka kumi na miwili baadaye. Na Waendorois, waliohamishwa kandokando ya ziwa hilo miaka ya 1970, walikuwa bado wanapigania ardhi yenyewe. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa haki uamuzi wao ulipotangazwa 2010.

Sasa hiyo milioni. Msiitaje kwanza. Gome likiwa halina kitu, mtaonekana walafi. Likiwa na kitu, milioni ni hasara. Andikeni kwamba sampuli ni za utafiti tu. Akitaka biashara, au akitaka kumpa mtu wa tatu, arudi mezani kabla. Matokeo yaletwe kwa Kiswahili. Jina la jamii litajwe, na mzee aulizwe kama anataka lake litajwe. Malipo ya kila hatua ya kutengeneza bidhaa, na mrabaha wa mauzo, yatajwe kama jambo litakalojadiliwa biashara ikianza. Wanasheria wanaweza kulipamba, ila mifupa ni hiyo.

Mshambaa_Muheza
Huku kwetu Usambara dughulushi, lile ua dogo la zambarau, ilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni, leo iko kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Hata jina lake la kisayansi la muda mrefu, Saintpaulia, lilitokana na afisa huyo. Tunaweza kudai?

BiVibali (Mombasa)
Kwa Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana manufaa hayo, hapana. Mkataba wa Bayoanuwai, ulioizaa, ulianza kazi mwishoni mwa 1993, na Itifaki yenyewe Oktoba 2014. Havirudi nyuma. Hata sampuli za 1992 za Bogoria zinaangukia nje ya Mkataba, kwa kama mwaka mmoja tu, jambo ambalo hunikera kila nikilikumbuka.

Kijana_wa_Maabara
Bi, wengine siku hizi wanasema hawataki mmea, wanataka kusoma vinasaba tu waweke kwenye hifadhidata.

BiVibali (Mombasa)
Hapo ndipo penye tundu. Nchi zimeunda Mfuko wa Cali, ukazinduliwa Februari 2025: kampuni kubwa zinazotumia taarifa hizo zinahimizwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Lakini ni hiari, na shilingi hiyo haijui gome limetoka kwa nani. Kwa hiyo andikeni kwenye masharti yenu taarifa zitawekwa wapi na kwa jina la jamii gani.

KatibuWaWazee (Kilifi)
Shukrani, Bi. Mifuko ameshaondoka nayo. Na nani anasaini, mimi au wazee?

BiVibali (Mombasa)
Wazee wakae kwanza kwa utaratibu wao, bila mgeni. Mkishakubaliana, muandike muhtasari, na wewe katibu usaini kama aliyeuandika, basi.

Kwa Ijumaa, mjibu mshauri kwa maandishi: karatasi ile ilikuwa ya mahudhurio ya kikao cha maoni, hamjatoa ridhaa, sampuli zisitumike wala zisisafirishwe, na mnaomba nakala ya ombi lake la kibali kwa Kiswahili. Nakala iende NEMA ofisi ya kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa hapo Kilifi kama miti ilitoka ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee. Kanuni zinaitaka NEMA itangaze ombi magazetini ili wenye pingamizi waseme, kwa hiyo barua yenu ikitangulia itakuwa inajulikana. Chifu naye apate yake, asije akaambiwa ninyi ndio mnaozuia sera.