Klampu dakika 60, lakini ALT za panya haziendani

Mlowezi:
Wakuu, naomba msaada. Tunazuia damu kwenye asilimia 70 ya ini la panya wadogo (aina ya maabara C57BL/6, madume, gramu 22–25) kwa dakika 60, kisha tunafungua. ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likijeruhiwa) ya saa 6 baada ya kufungua inapishana mno: wengine iko juu sana, wengine wanakaribia kundi la waliopasuliwa tumbo bila klampu. Halafu vipande vya ini vya saa 2 havina neutrofili (seli nyeupe za damu zinazokimbilia jeraha) za maana. Ina maana mchochota haujaanza?

Shashi_Moto:
Anza na joto, kabla ya kumlaumu panya. Ini lililofungwa halina damu ya kulipasha, na tumbo lililo wazi hupoa upesi. Likishuka nyuzi chache tu chini ya 37, seli hutumia nishati kidogo na madhara yanapungua sana. Blanketi la umeme lisijiendeshe lenyewe. Liongozwe na kipimajoto cha rektamu (njia ya haja kubwa), na tumbo lifunikwe kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya 0.9% yenye uvuguvugu.

Pili, klampu. Ibane mishipa ya lobu ya kati na ya kushoto tu. Lobu za kulia na za nyuma ziachwe, kwani ndizo zinazopitisha damu itokayo utumboni. Ukibana shina zima, damu hutuama matumboni na panya hufa kwa sababu nyingine kabisa. Lobu zilizobanwa zipauke zote; zikiwa na madoa mekundu, haijabana. Panya huyo mtoe, ila kanuni ya kumtoa iandikwe kabla hujaona ALT, la sivyo ni kuchagua majibu.

Histo_Pwani:
Kuhusu saa 2: mchochota upo, umeangalia askari wasiofika bado. Damu ikirudi, mitokondria hutema redikali za oksijeni na seli zilizokufa humwaga HMGB1, protini inayotoa ishara ya hatari. Seli za Kupffer, walinzi ambao wamo ndani ya ini tayari, huipokea kwa kipokezi TLR4 na kutoa TNF na IL-1β, protini za kuamsha mchochota. Hizo ndizo zinazowaita neutrofili, ambazo hujaa kuanzia kama saa 6 hadi 24. Kwa saa 2 pima mRNA (nakala ya maagizo ya jeni) ya TNF na ya kemokini CXCL1, protini inayovuta neutrofili. Kwa saa 6 na 24 paka rangi ya Ly6G (alama ya neutrofili) na uhesabu ndani ya maeneo ya nekrosisi (seli zilizokufa) na nje yake, kila moja peke yake. MPO (kimeng'enya cha neutrofili) ya kipande kizima haikuambii seli ziko wapi.

Hapo ndipo dawa nyingi za kulinda ini hufeli: kinachozuia neutrofili hakigusi jeraha la saa za mwanzo.

Mlowezi:
Asante sana. Usingizi tunatumia isoflureni kwa wengine, ketamini na zailazini kwa wengine. Ina shida?

Shashi_Moto:
Shida kubwa. Isoflureni yenyewe hulinda ini kiasi. Chagua moja, kipimo kilekile, muda uleule, na kundi lisilo na klampu lilale sawasawa. Chakula nacho vivyo hivyo: ama wote wafunge, ama wote wale.

Histo_Pwani:
Na damu usiivute kwa nguvu kupitia sindano nyembamba. Seli nyekundu zikipasuka, AST, kimeng'enya kingine cha ini kilichomo pia ndani ya seli hizo, hupanda bila ini kuhusika. ALT haiathiriki sana kama AST. Serumu ikiwa ya waridi, andika hivyo kwenye daftari.