Naomba ushauri: Nagona inanitoa jasho

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu, nasoma Kiswahili na Fasihi. Kwa utafiti wa mwisho nilichagua riwaya mbili za mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), kwa sababu ni vitabu vyembamba, nikajua wikiendi moja inatosha. Kumbe! Nagona nimeirudia mara tatu na bado napotea. Rosa Mistika (1971), ya mwandishi huyohuyo, niliimaliza usiku mmoja.

Msimamizi anataka nianze na nadharia ya udhanaishi (existentialism, yaani falsafa inayohoji maana ya maisha na uhuru wa mtu kujichagulia). Naogopa kubandika nadharia juu ya kitabu nisichokielewa. Mliowahi kupita hapa, mlianzia wapi? Na hivi, mnasomaje riwaya kwa raha tena? Siku hizi hata nikiwa kwenye daladala nasoma na kalamu mkononi.