Mjadala: Je, bustani za wanyama ziendelee kuzalisha kasuku walio hatarini kutoweka?

Hoja iliyo mezani inazitaka bustani za wanyama ziache kuzalisha kasuku walio hatarini kutoweka, kwa madai kwamba kazi hiyo inakula fedha ambazo zingelinda misitu, na kwamba ndege aliyezaliwa kizimbani hawezi kuishi porini. Dai la kwanza nalipinga. La pili lina uzito kuliko watetezi wengi wa bustani hizo wanavyokubali.

Tuitazame Puerto Rico. Mwaka 1975 kasuku wa kisiwa hicho walikuwa wamebaki 13 tu porini. Wahifadhi walijenga mabanda ya kuzalishia katika msitu wenyewe wa Luquillo, na baadhi ya makinda wakayalelesha kwa kasuku wa aina inayokaribiana nao kutoka kisiwa cha Hispaniola. Baada ya kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kuonyesha hatari ya kuwaweka ndege wote mahali pamoja, kituo cha pili kilifunguliwa Río Abajo, na kuanzia mwaka 2006 ndege wakaachiwa huru huko. Kimbunga Maria kilipopiga mwaka 2017, kasuku waliokuwa wakiruka huru El Yunque, yaani msitu huohuo wa Luquillo, waliangamia karibu wote, lakini aina yao haikupotea, kwa sababu wenzao walikuwa mabandani na Río Abajo. Anayesema fedha zile zingetosha kulinda msitu peke yake atueleze msitu ungemkingaje ndege dhidi ya upepo ulioubomoa msitu huohuo.

Hata hivyo, kuna Arizona. Kati ya mwaka 1986 na 1993 kasuku wenye mdomo mnene waliachiwa katika misitu ya misonobari ya jimbo hilo, na mradi ukashindwa. Waliokulia mikononi mwa binadamu walihangaika na koni za misonobari wasiweze kuzichambua mbegu kama inavyopasa, hawakushikamana na kundi, na mwewe wakawachukua. Kasuku hujifunza kwa wakubwa wake chakula cha kula, adui wa kumkimbia na mlio wa kuitikia. Kinda lililolishwa na mtu kwa bomba la sindano limenyimwa shule hiyo, na afya njema au manyoya yanayong'aa havitaifidia. Kwa hiyo bustani inayotangaza idadi ya makinda yaliyoanguliwa bila kusema yamelelewa na nani, bado haijajibu swali la msingi.

Brazili ilijaribu kuliziba pengo hilo. Kasuku wa Spix, yule wa buluu wa nyika za Caatinga, alionekana porini kwa mara ya mwisho mwaka 2000, na kwa miaka mingi uhai wa aina nzima ulitegemea ndege ambao wengi wao walikuwa mikononi mwa wafugaji binafsi nje ya nchi. Mwaka 2020 ndege 52 walirudishwa kutoka Ujerumani, na mwaka 2022 wanane wa kwanza waliachiwa karibu na Curaçá pamoja na kasuku wanane wa aina nyingine waliokuwa wakiyafahamu maisha ya porini, ili wageni wafuate nyendo za wenyeji. Mwaka uliofuata makinda yakaanguliwa porini. Mwaka 2025 vikagunduliwa virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya, ugonjwa unaoogopwa sana na wafugaji wa kasuku, na uachiaji ukaingia mashakani.

Ninachopendekeza, basi, ni uzalishaji wenye masharti. Ndege wazalishwe katika nchi yao ya asili au karibu nayo iwezekanavyo. Makinda yalelewe na kasuku. Vipimo vya magonjwa vifanywe na taasisi isiyo mmiliki wa ndege. Na mafanikio yahesabiwe kwa vizazi vinavyoanguliwa porini. Pale ambapo njia nyepesi ipo, kizimba kisijengwe kabisa: New Zealand iliwainua kakapo, kasuku wasioweza kuruka, kutoka 51 mwaka 1995 hadi zaidi ya 200 kwa kuwahamishia visiwa visivyo na wanyama wawindaji na kumfuatilia kila ndege.

Ningependa wachangiaji wanaofuata walijadili suala la umiliki, ambalo hoja ya awali haikuligusa. Maadamu kinda la aina inayotoweka linaweza kuandikwa kuwa mali ya mfugaji aliyeko bara jingine, nchi yenye msitu itaendelea kuomba ndege wake yenyewe, na mwenye kizimba ndiye atakayeamua lini warudi na wangapi.