Tupeane uzoefu: wewe unazitambuaje pande za pembetatu mraba?

Wadau, heshima kwenu. Nafundisha hisabati, na nakutana na wanafunzi wengi wanaoijua kwa kichwa kanuni ya Pythagoras (zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, jumlisha, unapata hipotenusi mara hipotenusi) lakini wanakwama ukiwauliza hipotenusi ni ipi. Mimi huanzia kwenye pembe. Tafuta ile ya nyuzi 90, weka kidole, kisha tazama upande usioigusa. Huo ndio hipotenusi, hata kama mchoro umegeuzwa na upande huo umelala chini kabisa. Wengi wamezoea kuuona umeinama tu. Ninyi mlielewaje?

*

Mimi fundi ujenzi, nimeijulia saiti. Tukipanga kona ya msingi napima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, halafu navuta tepu kati ya zile alama mbili. Ikisoma 5, kona imekaa. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua, imebana. Tepu ile ya mshazari ndiyo hipotenusi yenyewe. Jengo likiwa kubwa natumia 6, 8 na 10, maana kwa vipimo virefu hata kasoro ndogo ya kona inaonekana.

*

Kwangu ugumu ulikuwa mkabala (upande unaoitazama pembe uliyoichagua) na jirani (upande unaoigusa). Dada yangu alinichorea pembetatu ya 5, 12 na 13. Akashika pembe iliyo kati ya 12 na 13: mkabala wake 5, jirani 12. Akahamia pembe kali (iliyo chini ya nyuzi 90) ya pili: mkabala 12, jirani 5. Ile 13 haikubadilika jina. Nikamuuliza, mbona hipotenusi nayo inaigusa pembe, kwa nini isiitwe jirani? Akaniambia hipotenusi hutajwa kwanza, ndipo tugawane zilizobaki. Tangu siku hiyo siandiki mkabala wala jirani kabla sijaitia pembe alama.

*

Nami najihakiki hivi: sini ya pembe kali, yaani mkabala gawanya kwa hipotenusi, haifiki 1, kwa sababu mkabala ni mfupi kuliko hipotenusi. Ukiona 13 gawanya kwa 12, pande zimebadilishana nafasi.

*

Fundi, hiyo ya tepu naipeleka darasani. Naongezea: ukitafuta upande usio hipotenusi, unatoa badala ya kujumlisha. Kwa ile ya 5, 12 na 13: 13 mara 13 ni 169, 5 mara 5 ni 25; 169 toa 25 ni 144, kipeuo chake cha pili 12. Aliyewahi kumfundisha mwanafunzi asiyeona atuambie, alimwonyeshaje kwa kugusa?